Maua Yako Juu, Sisi Tuko Uyole

Mfyuuu! Jana pale kijiweni Uyole, penye njia panda ya Tukuyu, nilisonya mpaka muuza kahawa akaniuliza kama kikombe kina kasoro. Kikombe kilikuwa salama. Kilichoniuma ni dogo mmoja wa bodaboda, mzaliwa wa hapa hapa, aliyetuambia anadunduliza hela aende Serengeti akaone nyumbu kabla hajaoa. Aende, Serengeti ni yetu sote. Lakini nilipomuuliza kama amewahi kupanda Kitulo, akanitazama kama nimemtania. “Kule kwenye viazi? Kuna nini kule, kaka?”

Kuna nini kule! Jamani. Wataalamu wa mimea wanapaita Serengeti ya Maua. Wenyeji walishapaita Bustani ya Mungu. Uwanda wenyewe uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Mbeya na Njombe, na una aina zipatazo 350 za mimea, kati yake aina 45 ni okidi za ardhini. Mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa, na katika Afrika yote ya kitropiki ndiyo hifadhi ya kwanza iliyotengwa hasa kwa ajili ya mimea. Dogo anapakia abiria kila siku mguuni mwa mlima huo, na anachokijua ni magunia ya viazi yanayoshuka.

Simlaumu peke yake. Nani alimpeleka? Shule aliyosoma iliwachangisha wazazi watoto wapelekwe mbali kuona tembo, wakalala njiani, wakarudi wamechoka. Kitulo unakwenda na kurudi siku ile ile. Unatoka Uyole saa kumi na moja alfajiri kwa njia ya Tukuyu, unachepuka Isyonje, unapanda katikati ya mashamba ya viazi huku baridi ikikupenya kwenye kucha, na asubuhi na mapema uko uwandani. Ukitaka kuujua mlima hasa, panda kutokea Chimala kwenda Matamba, ile njia ya kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Nilizihesabu utotoni nikiwa nyuma ya lori, nikapotelea kwenye ishirini na kitu kwa sababu nilifumba macho.

Na ukifika unashuka kwenye gari unatembea kwa miguu! Simba hayupo, tembo hayupo, hakuna wa kukufungia ndani ya kioo. Unapiga magoti kwenye nyasi zenye umande unaangalia okidi ndogo kama kidole gumba. Ukiinua kichwa, tandawala anapita taratibu na shingo yake ndefu, na mbayuwayu wa buluu, wanaokuja kutaga kipindi cha mvua, wanakata hewa juu yako. Sijaona mahali pengine ambapo mtu mzima ananyamaza mwenyewe bila kuambiwa.

Basi mzee mmoja wa Makete, aliyekaa na bao lake pembeni, akaingilia: “Mwambie na majira, asije akapanda Julai akarudi anatutukana.” Kweli kabisa. Maua yanafuata mvua. Yanaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na hayachanui yote kwa mpigo, kwa hiyo aliyekwenda Desemba na aliyekwenda Machi watakusimulia bustani mbili tofauti. Kiangazi kikiingia nyasi hukauka, na usiku wa Juni na Julai baridi huweza kugandisha umande. Kwa hiyo anayeogopa tope hatayaona maua. Njia inateleza, ukungu unaweza kushuka mchana kweupe, ndiyo maana ni vizuri kuanza kurudi jua lingali juu.

Kisha mzee akashusha sauti, akataja chikanda. Hapo kijiwe kizima kikatulia, maana kila mtu ana jirani aliyewahi kuchimba. Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi. Upande wa Zambia viazi hivyo husagwa vikapikwa pamoja na unga wa karanga, vikawa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama nyama. Wanakipenda hawashibi, na kwao okidi zimepungua, kwa hiyo biashara ikahamia huku kwetu, inashuka milimani inavukia Tunduma. Okidi ya namna hii kwa kawaida ina viazi viwili: kimoja kinalisha ua la mwaka huu, cha pili kinatunza ua la mwaka ujao. Ukiing’oa, umeng’oa na la mwakani. Kulinda okidi ni sababu mojawapo iliyofanya uwanda ule uwe hifadhi.

Nilisonya tena, safari hii kwa uchungu. Jirani yangu, mama aliyechimba, alikuwa anatafuta daftari za mwanawe, namwelewa. Hao tunaowasubiri watoke Ulaya kuja kushangaa maua yetu hawatoshi kumlisha. Lakini wenye Mbeya yao tungekuwa tunapanda kila Jumamosi ya msimu, tukanunua chai na mahindi ya kuchoma vijijini, tukamlipa kijana wa pale atutembeze, mama huyo angekuwa na sababu ya kuliacha ua lisimame. Na kiingilio cha Mtanzania kinalipwa kwa shilingi, si kwa dola. Harusi tunachangiana, hili linatushindaje?

Dogo akauliza kama kuna mnyama hata mmoja. Nikamwambia habari ya kipunji. Wazee wa Rungwe walikuwa wakimtaja kima mwenye manyoya marefu, mwenye haya, anayeishi juu mitini. Watafiti waliwasikiliza, wakamfuatilia, na mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao kwenye misitu ya Rungwe na ya Livingstone, ambayo sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya Kitulo. Mwaka 2006 akatengewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Na jina lake la kisayansi limebeba lile lile la wazee, kipunji. Mzee wa bao akacheka kwa furaha, akasema babu yake angefurahi kusikia.

Tumeshachangishana. Noah imepatikana, dereva anaijua njia ya Isyonje hata kwenye tope, mama wa mgahawa amekubali kutuchemshia viazi na kutujazia chupa tatu za chai. Kila mtu aje na koti zito na buti za mvua. Tunaondoka Jumamosi saa kumi na moja, pale pale penye njia panda. Dogo amelipia kiti chake, na cha mchumba wake.