Mwongozo kwa Mgeni Mwenye Bunduki Anayekuja Mara

Tunajua umetoka mbali, na ndani ya sanduku lile refu lenye kufuli mbili mna bunduki yenye thamani kuliko nyumba ya diwani wetu. Umeambiwa Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja, nawe ukapiga hesabu kwamba kati ya wote hao wako hatakosekana. Keti kwanza unywe chai. Yako mambo ambayo wakala wako hakukuambia, na mengine hata yeye hayajui.

Kwanza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hawindi mtu. Si wewe, si waziri, si mzee wa kijiji cha Robanda ambaye babu yake alikuwa akirina asali pale yanapoegeshwa magari ya watalii siku hizi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951. Ukilalamika kwamba wenzako waliwahi kuwinda humo, hatutabisha. Mmarekani Stewart Edward White, mwandishi wa vitabu, alipita mwaka 1913. Katika miaka ya 1920 akarudi, akapiga kambi karibu na Seronera kwa miezi mitatu. Yeye na wenzake walipovunja kambi, simba wapatao 50 walikuwa wameshauawa. Waingereza wakaona kwa mwendo ule simba watakwisha. Mwaka 1921 wakatenga ekari 800 za kuanzia, na 1929 wakapanua pori la akiba. Fuatilia vizuri mtiririko huo: simba waliuawa na wageni, na walioishia kuambiwa wasionekane tena porini na upinde ni wenyeji, Waikoma na Wanata. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa tena, tunakueleza tu usije ukauliza sababu yake mbele za watu.

Utafungua ramani na kuona kwamba nje ya hifadhi, upande wa Wilaya ya Serengeti, kuna Mapori ya Akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyotangazwa 1994, na kando yake Ikona, eneo la jumuiya la vijiji vitano: Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata-Mbisso na Makundusi. Katika pori la akiba sheria inaruhusu kuwinda kwa leseni. Hapo utafurahi. Usifurahi. Tangu 2002 huko yupo mwekezaji, tajiri wa Marekani Paul Tudor Jones, na wageni wake hushika kamera. Hulala katika hoteli ambazo bei yake ya usiku mmoja ukiitaja kwa sauti pale stendi ya mji wa Mugumu, watu watadhani unauza kiwanja. Septemba 2019 walishushwa huko faru weusi tisa kutoka Afrika Kusini. Wana walinzi, wana vifaa vya kuwafuatilia, na wanajulikana mmoja mmoja kuliko wanavyojulikana wanafunzi wa shule yetu ya msingi. Ukitokeza katika kichaka chao na lile sanduku lako, mwongozo huu hautakusaidia kitu.

Basi wakala atakuelekeza kwenye mapori mengine: Maswa, au Rungwa, au kusini kabisa. Atataja Loliondo pia, lakini huko tangu 1992 wameshatangulia watu wa Falme za Kiarabu, nao huja na ndege zao.

Tuseme umepata kitalu cha uwindaji. Msimu hufunguliwa Julai mosi. Ukitaka simba, jiandae kwa safari ya siku 21, na hutakaa peke yako hata dakika moja. Kuna mwindaji bingwa, ambaye kazi yake ni kukuonyesha mnyama na kumaliza utakachokiharibu. Kuna askari wa wanyamapori, ambaye kazi yake ni kumtazama mwindaji bingwa. Huruhusiwi kupiga risasi ukiwa ndani ya gari wala karibu nalo, sharti uliache mita 200 nyuma. Huruhusiwi kuwinda usiku. Ada hulipwa mnyama kwa mnyama, na mnyama uliyemjeruhi akakimbilia vichakani na damu yake anahesabiwa umemuua. Wawindaji wengi wageni hugundua kanuni hiyo siku ya pili, saa mbili asubuhi, wakiwa wamesimama juu ya tone la damu lililokauka kwenye jani huku mwindaji bingwa akiandika kitu katika daftari lake.

Simba ndiye mwenye masharti ya kuchekesha. Inatakiwa awe dume, tena aliyetimiza miaka sita, kwa maana wa umri huo ameshalea watoto wake, na kuondoka kwake hakuvurugi ukoo. Si kanuni iliyotungwa mezani. Imetokana na miaka mingi ya kuwafuatilia simba wa hapa hapa Serengeti, kazi ambayo mtafiti Craig Packer aliiongoza kwa miongo kadhaa. Yeye na wenzake waligundua kwamba pua ya simba huanza ikiwa ya waridi, kisha huingia madoa meusi kadiri umri unavyosogea. Weusi ukizidi nusu ya pua, mtu mzima huyo. Sasa jione: umelala kifudifudi juu ya kichuguu, siafu wanapanda mguuni, umetumia fedha za kununua basi, na unachunguza kwa darubini pua ya mnyama ambaye hakuandikishwa kuzaliwa popote. Mwindaji bingwa ananong'ona kwamba huyu ana mitano na nusu. Simba naye ameshakuona, na anaendelea kupiga miayo ili uione pua vizuri.

Tembo ana hesabu nyingine. Jino lake lisipungue kilo 20, na mizani haibebwi porini, kwa hiyo anapimwa kwa macho akiwa anatembea. Uangalie pia anatoka wapi. Kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, madume kadhaa wenye meno marefu waliuawa upande wa Longido, karibu na mpaka wa Kenya. Watafiti wa Amboseli, huko Kenya, walikuwa wakiwafahamu madume wa eneo hilo kwa miaka mingi, na kelele zilifika hadi Ulaya. Kwa upande wa Tanzania wawindaji walikuwa na leseni. Kwa upande wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977, lilikuwa jambo la kuaibisha. Tembo ni wale wale, wala hawakubadili kitu isipokuwa malisho.

Usidhani mwandishi wako ni miongoni mwa wanaomlilia kila mnyama. Tanzania nayo ilifunga uwindaji 1973, ikaufungua tena 1978, na waliofungua hawakuwa wajinga. Wanyama wa Kenya, bila mwindaji hata mmoja wa kitalii, walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, kwa hesabu za watafiti wao wenyewe. Waliokula mapori yao ni mashamba, nyua na mifugo. Pori lisilolipa huwa shamba, awe amekuja mtu wa bunduki au mtu wa kamera. Ugomvi wangu mimi ni juu ya nani analipwa, na hilo ndilo litakalokukuta ukitoka kitaluni kwenda Tarime.

Maana ukipita Nyanungu, Gorong'a au Kwihancha, kata zinazopakana na hifadhi, utaonekana mtu wa hatari kwa sababu ya gari lako tu. Mzee ataacha kuchunga, aje hadi dirishani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mura. Mmekuja kupima mpaka?”

“Hapana mzee. Nina mgeni hapa, anapenda kuwinda.”

“Kuwinda?” Atakuangalia vizuri. “Ameshafungwa mara ngapi?”

Usicheke, ni swali la kistaarabu. Mpaka ule wa hifadhi ulio katika tangazo la serikali la 1968 umekuwa ukibishaniwa na wanavijiji hadi leo, kila vigingi vinapochimbiwa, na ng'ombe akivuka kigingi anaweza kuishia kwenye mnada. Ama kuwinda, hapa kuna uwindaji wa namna nyingine usio na wakala. Waya hutolewa ndani ya tairi chakavu au hukatwa kwenye uzio, hukunjwa kitanzi na kufungwa mtini kwenye njia ya nyumbu, kwa urefu wa shingo. Kitanzi hakiangalii pua ya mtu. Kinakamata jike mwenye mimba, kinakamata pundamilia, kinakamata fisi, na mara nyingine simba yule yule wa miaka sita uliyemlipia. Tangu 2017 kuna vikosi vinavyozunguka hifadhini kufyua mitego hiyo, vinavyofadhiliwa na makampuni ya utalii pamoja na Shirika la Wanyama la Frankfurt, na havijawahi kukosa kazi.

Kwa hiyo zingatia hili, wewe mgeni, na wewe mpwa wangu uliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Jioni, katika miji hii, anaweza kuja kijana wa bodaboda na mfuko wa rambo, akakuambia ana kitoweo. Hatataja ni kitoweo gani. Nyama imekaushwa, imekatwa vipande virefu, bei yake ni nusu ya ile ya buchani. Mpwa, usishike hata kuinusa. Ukikutwa nayo bila karatasi, hiyo si mboga tena, ni nyara ya serikali. Aliyekamatiwa ndani ya hifadhi husomewa mashtaka matatu ambayo makarani wa mahakama ya Mugumu wameyazoea: kuingia hifadhini bila kibali, kukutwa na silaha hifadhini, na kukutwa na nyara za serikali. Shtaka la tatu pekee huweza kuwa miaka 20. Ziko hukumu zilizopanda kutoka Mugumu mpaka Mahakama ya Rufani kwa ajili ya vipande vya nyama ya nyumbu ambavyo visingetosha harusi. Nyumbu huyo huyo, mgeni akiwa na leseni yake, angepigwa picha, angechukuliwa kichwa na pembe, na nyama ingebaki.

Nyama halali ipo, tusimkatishe tamaa mtu. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za bucha za nyamapori, na unaweza kula swala kwa amani ya moyo mradi umetunza risiti. Itunze kuliko nyama. Uliyokwisha kuila haina shida, ni ile iliyobaki kwenye friji.

Utataka pia kujua wenyeji wanafaidi nini. Wanafaidi kifuta jasho na kifuta machozi. Tembo wakitoka hifadhini usiku na kuingia kwenye mahindi yaliyobakiza wiki mbili kuvunwa, vijana hukesha na tochi na madebe, wakipiga kelele mpaka sauti zinakauka. Asubuhi anaitwa ofisa wa wanyamapori kuja kutathmini. Kanuni za 2011 zilipanga malipo kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka, na mwisho ilikuwa ekari tano. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupangiwa kitu, ingawa kwa tembo huyo ndiye jirani wa kwanza. Mtu akiuawa, familia yake ilipangiwa shilingi milioni moja. Hiyo ndiyo ya machozi. Ukilinganisha na ulicholipia wewe, mgeni, usitaje tofauti hiyo msibani.

Jambo dogo nisije nikasahau. Waikoma wana meno mawili ya tembo yanayoitwa Machaba, ambayo simulizi zao zinasema waliyapata kwa mganga mkuu wa Wadatoga. Huyaheshimu kama mzimu wa kabila zima na kuyatambikia. Tafadhali usiulize yana kilo ngapi, wala usiulize bei.

Mwisho wa safari utapewa cheti, nyara zako zitatibiwa na kusafirishwa, na utaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba umechangia uhifadhi. Huenda ni kweli. Lakini kabla hujaenda uwanja wa ndege, mwambie dereva apite katika ofisi ya kijiji chochote kinachopakana na pori ulilowinda au ulilopiga picha. Mlangoni pana ubao wa matangazo. Tafuta karatasi ya mapato na matumizi, uangalie tarehe iliyoandikwa juu yake, na kama haipo, ingia ndani umuulize mtendaji kwa heshima fedha za msimu uliopita zilifika lini na zilifanya nini. Wewe ukiuliza, atatafuta faili. Sisi tukiuliza, tunaambiwa tusubiri mkutano mkuu.