Kinanda Kina Heshima Zake

Wanaobeza harusi zetu za Mwisenge hawajui muziki. Bibi harusi akiingia ukumbini, kijana wa kinanda cha umeme anabonyeza kitufe kimoja tu, Mendelssohn huyo anamiminika. Muziki wenyewe aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare ambamo malkia anampenda mtu mwenye kichwa cha punda. Sasa nani atasema haumfai bwana harusi wetu?

Tena Vienna tumeshaipita. Tarehe 22 Desemba 1808 onyesho la Beethoven huko liliwakalisha watu kwenye baridi kwa takribani saa nne, na kipande cha mwisho kikavurugika, kikaanzwa upya. Sisi muda huo tunaumaliza kumsubiri mgeni rasmi tu, na umeme ukikatika tunaanza upya bila kuhitaji Beethoven yeyote.

Mzee mpiga litungu naye hatukumsahau. Tumemkalisha nje, karibu na masufuria ya pilau, penye joto. Nyuzi zake nane hazina hata waya wa kuchomeka ukutani. Mtu wa namna hiyo utamlipaje? Spika tumezilipia kwa risiti. Yeye katengewa soda.