Kunyimwa Kwangu Kunasafiri Kuliko Mimi

Mimi sina ugomvi na mtu anayeninyima kitu. Mkaaji wa Goma amenyimwa maji akiwa anayaona ziwani, akanyimwa umeme waya ukipita juu ya bati lake, na barabara tumenyimwa na kila serikali iliyopita, bila ubaguzi. Kunyimwa tumekuzoea. Ninayegombana naye ni yule anayeninyima leo, halafu anaandika mahali, ili kesho na keshokutwa wengine wasome kabla hata sijabisha hodi kwao.

Chanzo ni harusi. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaolewa Liège, Ubelgiji, na dada akasema binti hawezi kutoka bila mjomba kukaa kwenye kiti chake. Haya, nikaanza kukusanya dosiye. Pasipoti nilikuwa nayo, ile ya kwetu ambayo kuna wakati iliuzwa dola 185 na ikahesabiwa miongoni mwa zile ghali kabisa duniani. Wakataka na karatasi ya benki inayoonyesha pesa zangu zinavyoingia na kutoka. Benki gani? Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, wenye mji walipobadilika, na pesa zetu zikabaki humo ndani zikituchungulia. Ilibidi nieleze kwa barua, kwa Kifaransa cha adabu, kwamba ninazo pesa ila hazionekani. Hebu soma sentensi hiyo kwa jicho la afisa wa ubalozi.

Tena dosiye inapelekwa Kinshasa na mtu mwenyewe, pamoja na vidole vyake vyote kumi. Kinshasa ni mji mkuu wangu, lakini barabara ya kunifikisha huko kutoka Goma haipo, na uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari ile ile. Basi nikavuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, nikapanda basi hadi Kigali, nikaruka kupitia nchi ya tatu, kwa kuwa Kongo ilikuwa imezikatalia ndege za Rwanda anga yake. Nimepita kwenye nchi za watu ili niingie kwangu. Zote zilinipokea vizuri.

Ubalozi wenyewe sitautaja, maana bado nina watoto wa ndugu ambao hawajaolewa. Binti wa nyuma ya kioo akasema, «Vidole, papa.» Vinne vya kulia vikasomeka, vinne vya kushoto vikasomeka, gumba likagoma. Akanipenyezea kitambaa chenye majimaji. Nikafuta, nikabonyeza, taa nyekundu. Nikafuta tena, nikalisugua kwenye suruali, nikabonyeza kwa hasira, na taa ya kijani ikawaka. Nilifurahi kama mpumbavu, sikujua nilikuwa nashangilia nini.

Jibu likaja kwenye ile fomu yao yenye visanduku. Kulikuwa na alama mbele ya sentensi moja: wana mashaka kama kweli nitaondoka Ulaya kabla ya muda wa viza kwisha. Kwa lugha nyepesi, hawaamini kwamba mtu anaweza kurudi Goma.

Hapo ndipo waliponichokoza. Wameshasoma habari za mji huu hata kidogo? Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilishusha moto katikati ya mji, ukala maduka, nyumba na kipande cha uwanja wa ndege. Tulikimbilia Gisenyi. Mashirika yakatuandalia kambi, yakatusihi tukae huko salama. Siku chache tu watu wakawa wanarudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yana joto, viatu vinanuka, kila mmoja anatafuta parsele yake ilikuwa upande gani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, safari hii moto ukasimama Buhene, pembeni kabisa mwa mji. Siku tano baadaye gavana akaamuru kata kumi zihame. Tukahama hadi Sake na kwingineko, tukalala shuleni na makanisani, na kabla ya ruhusa kutoka wapo waliokuwa wameshaanza kurudi kidogo kidogo, eti kuangalia kuku. Watu wa namna hiyo ndio unaowashuku kwamba watashindwa kurudi kutoka Liège? Liège kuna nini? Mvua?

Lakini hayo yote ningeyameza. Nikampigia mpwa wangu mwingine aliye Paris nikamwambia nitajaribu mlango wa Wafaransa, na ukigoma, wa Waitaliano. Akacheka vibaya. «Tonton, hao wote wanasoma daftari moja.» Kumbe nchi za Schengen zina mtambo wa pamoja wa viza ulioanza kazi 2011: picha, vidole, na ukinyimwa, sababu ya kunyimwa. Vinakaa humo hadi miaka mitano. Nchi hizo sasa ni 29, baada ya Romania na Bulgaria kuingia kikamilifu Januari 2025. Maana yake ni kwamba afisa wa Liechtenstein, nchi ya watu wapatao 40,000 ambao wangeenea kwenye kona moja ya Goma, anaweza kubonyeza kitufe akajua kwamba mimi, mjomba mtu, nilinyimwa. Mimi Liechtenstein hata kuitamka inanishinda. Yenyewe inanijua.

Niwe mkweli kwa wenzangu: kanuni yao inasema wazi kwamba kunyimwa viza mara ya kwanza kusiwe sababu ya kukunyima tena moja kwa moja. Kila ombi lisomwe upya. Nasadiki. Lakini nenda kwa wabadilisha pesa wa Birere na noti ya dola 20 iliyochanika kidogo tu pembeni, mchaniko wa ukubwa wa jino la kisamaki sambaza. Huko Marekani noti hiyo ni pesa halali. Kambisti wa kwanza anaiinua juani, anaipapasa, anakurudishia bila neno. Wa pili hajaishika, ila amemwona wa kwanza akiirudisha, basi naye anatazama pembeni. Wa tatu anakupa dola 15 na anataka umshukuru. Hakuna kanuni iliyovunjwa.

Shemeji yangu, mtu wa mipango, akaja na dawa: Kanada. Ndugu wako tele Montréal, na fomu inajazwa kwenye intaneti. Tukaijaza wote wawili, yeye akiwa na miwani yangu, hadi tukafika kwenye swali linalouliza kama umewahi kunyimwa viza au kuzuiwa kuingia Kanada «au nchi nyingine yoyote». Nyingine yoyote! Yaani Kanada inataka kujua mambo yangu na Ulaya. Je, mimi nimewahi kuiuliza Kanada iligombana na nani?

«Andika hapana,» shemeji akasema. «Watajulia wapi?»

Sikuandika hapana, na wewe usiandike. Si kwamba mimi ni mtakatifu kuliko wewe, nimesoma adhabu. Kanada ikikukamata umedanganya kwenye fomu, inakufungia mlango miaka mitano. Uingereza, ambayo nayo inauliza kuhusu nchi zote, inaweza kukufungia kumi. Na Kanada ina wenzake wanne, Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, ambao wanalinganisha alama za vidole wao kwa wao. Aliyenyimwa akakiri anaweza kuomba tena kesho asubuhi akiwa na pesa ya ada. Aliyedanganya kesi yake si tena ya harusi. Nikaandika ndiyo, nikaeleza kwa mistari mitatu, na shemeji akanirudishia miwani kama mtu aliyeshuhudia nyumba ikiungua.

Wiki hiyo hiyo kijana wetu mmoja aliye Marekani akapiga simu, naye analia na jambo lile lile, ila lake ni bastola. Mtoto huyu alizaliwa mtaa wetu wa Katindo, akakua akisikia risasi kuliko kengele ya shule, tukamsindikiza kwa maombi aende kwenye amani. Amefika kwenye amani, amepata uraia, sasa anaomba kibali cha kubeba bastola ndani ya koti. Wamemnyima. Fomu iliuliza kama amewahi kukamatwa na polisi, naye hakuandika usiku mmoja wa ujana ambao kesi yake ilifutwa. Hawakumnyima kwa kukamatwa, alisema, walimnyima kwa kunyamaza.

Sasa anataka kuhama jimbo, na akaniuliza mimi, tonton wa Goma, kama kunyimwa kutamfuata. Nikamwambia aulize mwanasheria. Lakini kwa alivyonieleza, huko hakuna kibali kimoja cha nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai tena kibali kwa mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha: Kentucky tangu 2019, Texas tangu 2021. Kwingine, kama New Jersey, fomu inakuuliza waziwazi kama umewahi kunyimwa hapo au katika jimbo lingine lolote, na uongo ni kosa peke yake. Kwa hiyo mtu yule yule, na bastola ile ile, ni mwananchi mwema upande huu wa daraja na mshukiwa upande wa pili. Nikamwambia arudi nyumbani. Kongo tuna sheria ya silaha tangu Septemba 1985, nayo inadai kibali, lakini hapa kwetu bunduki zinazunguka bila kuulizwa makaratasi. Anayeulizwa karatasi ni mwenye kilo mbili za maharagwe anayetaka kuvuka mpaka wa Petite Barrière.

Nisiwe mlalamishi mtupu. Nairobi siku hizi ninaingia bila viza, tangu Kenya ilipowaondolea Wakongomani mwaka 2023, na hapo uwanjani hakuna aliyeniuliza kuhusu Liège.

Harusi ilifanyika. Nilitazama kwa simu, nimevaa koti na tai sebuleni, na mtandao ukakatika keki ilipoletwa. Kwenye kiti cha mjomba dada alikuwa ameweka picha yangu kubwa kwenye fremu. Ni ile ile ya dosiye, ukuta mweupe nyuma, sura ya mtu aliyekatazwa kutabasamu. Picha iliingia Ulaya bila kuulizwa kama itarudi, na hadi leo haijarudi.

Na wewe msomaji uliyeniandikia kuuliza kama ni kweli yuko mtu mtaa wa Majengo anayefuta majina kwenye mtambo wa Wazungu kwa dola 200: hayupo. Vidole vyako viko kwenye kompyuta ya Ulaya, na huyo bwana hana hata umeme. Subiri, rekebisha kilichokufanya unyimwe, omba tena, andika ndiyo. Ada ni euro 90, na hairudishwi.