YAH: Ombi la Ruzuku ya Kupanga Namna ya Kuacha Kupanga

Kwa Waheshimiwa Wafadhili wa Mipango ya Ushirikiano wa Huduma za Afya Vijijini,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Pokeeni kwanza shukrani za kijiji kizima kwa ruzuku yenu ya kupanga mtandao wa zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Mshauri mwelekezi amekuja, upembuzi yakinifu umefanyika na wadau wametambuliwa. Hata mkunga wetu wa jadi, ambaye miaka yote alijijua kuwa bibi tu, sasa ni mdau. Warsha ilibidi iwe mjini, maana huku kwetu hakuna hoteli yenye ukumbi. Tuligawanywa makundi, tukapewa kalamu za rangi, tukachora mishale: mmoja kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, mwingine kutoka hapo kwenda hospitali. Yote ilikatiza mtoni pasipo na daraja, wala hakuna uliokwama.

Tunawapongeza pia kwa busara ya kutogharamia utekelezaji. Mafuta ya gari la wagonjwa, mmetueleza vizuri, ni matumizi ya kawaida na hayamo kwenye hadidu za rejea. Mpango, kwa upande wake, haupati pancha wala haudai mshahara. Tumeuhifadhi kwenye kabati la dawa, ambako nafasi ilikuwepo.

Tatizo limebaki kwa wagonjwa. Hawa hawajajengewa uwezo. Wanaambiwa mwaka wa fedha unaanza Julai, wao wanazidiwa masika, barabara imekatika na fedha za robo ya nne ziko njiani.

Kuna habari itakayowasikitisha: mtandao unaofanya kazi upo tayari. Unaitwa m-mama. Mjamzito akizidiwa, inapigwa 115 bila malipo. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana humwita dereva wa jamii, mtu mwenye gari lake, ambaye hulipwa kupitia simu yake. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa ili uenee nchi nzima. Siri yake, ambayo kwenye warsha haikuguswa, ni kwamba dereva analipwa.

Ila m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee aliyegongwa na nyoka shambani hamo. Yeye yumo kwenye ukurasa mmoja wa mpango wenu, ambako anaitwa mnufaika wa moja kwa moja. Ametuuliza ukurasa huo unapita saa ngapi, autegee barabarani.

Kwa hiyo tunaomba ruzuku ya mwisho ya kupanga, na mpango wenyewe tumeshauandika ili kuwapunguzia gharama. Una mambo matatu: nauli ya dereva kwa mgonjwa yeyote wa dharura, awe na mimba au asiwe nayo; vocha ya mganga wa zahanati, ili hospitali ijue nani anakuja kabla hajafika; na mafuta. Njia ya kuzifikisha fedha hizo ipo. Tangu mwaka 2017/18 vituo vya afya vya umma, zahanati zikiwemo, vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki, na kamati zenye wanakijiji ndani yake zinasimamia. Tunajua mtaumia kidogo: fedha inayonyooka hivyo haipati pa kusimama kunywa chai ya saa nne na vitafunwa.

Kama hili haliwezekani kabla ya mapitio ya nusu muhula, basi tunaomba mapitio hayo yafanyike hapa kijijini mwezi wa Aprili. Posho msitupe. Mto ukijaa, magari yenu yatakwama upande huu pamoja nasi, na muda wote mtakaokuwa mnasubiri maji yapungue, sisi tutayapangia magari hayo kazi.

Wenu katika kupanga,

Mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Zahanati