Kuusifu Mtungi wa Kioo

Miongoni mwa vyombo vyote ambavyo binadamu amevibuni ili ajitengenezee kinywaji nyumbani, hakuna kinachostahili kutukuzwa kama mtungi wa kioo, yaani ile chupa kubwa yenye tumbo pana na shingo nyembamba ambayo watengenezaji bia wa nyumbani wa Marekani na Uingereza huitumia kuchachushia bia na mvinyo. Ule uliozoeleka zaidi Marekani hubeba galoni 5, ambazo ni karibu lita 19, na ukijaa huwa na uzito wa takriban kilo 25, sawa na nusu ya mfuko wa saruji, isipokuwa mfuko wa saruji hautelezi kwa maji ya sabuni, wala ukimponyoka mbebaji haumkati kano za mkono. Chombo chenye uwezo mkubwa kiasi hiki hakipaswi kuachiwa matangazo ya biashara peke yake, bali kinastahili kusifiwa kwa utaratibu.

Sifa zake ndogo zinaweza kutajwa kwa haraka. Kioo hakichubuki kwa urahisi, kwa hiyo bakteria hawapati mahali pa kujificha. Hakipitishi oksijeni, ambayo huichakaza bia. Wala hakishiki harufu ya pombe iliyotangulia. Hizi ni sifa za kweli, na kwa sababu hiyo hazihitaji nafasi kubwa katika maandishi ya aina hii. Aidha, mtungi huu huimarisha mgongo, hufundisha unyenyekevu, na humfanya mwenye nyumba aujue uelekeo wa kila ngazi ya nyumba yake hata gizani.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni uwazi. Ndani ya ndoo ya plastiki mambo hufanyika kwa kificho, lakini ndani ya mtungi wa kioo chachu, yaani vile viumbe vidogo vinavyokula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi ya kaboni dioksidi, hufanya kazi yake mbele ya macho ya umma: povu hupanda, mapovu hukimbizana shingoni, mashapo hutua chini, na mwenye mali huweza kukaa kitako jioni nzima akishuhudia jambo ambalo lingefanyika vilevile kama angekwenda kulala. Uwazi huu umekamilika mno hata hauna budi kufunikwa. Mwanga wa jua ukipenya kioo hadi kwenye bia, huvunja viambato vichungu vitokanavyo na hopsi, ambayo ni maua yanayoipa bia uchungu wake, na kuzalisha kiambato chenye salfa ambacho Wamarekani huifananisha harufu yake na ya mnyama wao anayelingana na kicheche wa Afrika. Kwa hiyo mwenye mtungi hununua kioo ili aone, kisha hukivisha blanketi, koti kuukuu au boksi ili mwanga usione anachokiona yeye, na tangu hapo huitazama bia yake kwa kuinua pindo mara moja kwa siku, kwa hadhari ya mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa.

Wala uwazi huo haukomi pale chombo kinapovunjika. Ndoo ikipasuka, kipande chake cheupe hulala sakafuni bila haya na kuokotwa, ilhali vipande vya mtungi wa kioo, vikiwa vimetawanyika ndani ya lita 19 za bia, huendelea kuwa wazi kwa uaminifu uleule vilivyokuwa nao kabla ya ajali, kiasi kwamba ufagio huvipita, tochi huvipita, na huwa haviji kugunduliwa hadi wiki kadhaa baadaye, kwa unyayo.

Kitu kimoja tu ndicho mtungi huu hukificha, nacho ni ufa wake wenyewe. Kioo huhimili sana kukandamizwa lakini ni dhaifu kinapovutwa, na mchubuko mdogo uliopatikana kwa kugongana na bomba la sinki unatosha kuwa mahali ambapo nguvu zote za mvuto hukusanyika. Zaidi ya hayo, kioo hupitisha joto polepole, kwa hiyo kikimiminiwa kimiminika cha moto, uso wa ndani hutanuka kabla uso wa nje haujapata habari, na mgogoro huo wa nyuso mbili humalizwa kwa kitako cha mtungi kubanduka na kubaki mezani wakati sehemu nyingine ikiinuliwa. Povu nalo likiziba kile kijibomba cha kutolea gesi kilichoko kwenye kizibo, kaboni dioksidi hukosa njia, na hapo huchagua kati ya kurusha kizibo darini na kuupasua mtungi. Chupa ndogo za kutilia bia iliyokamilika hufuata nyayo hizohizo: gramu 4 tu za sukari kwa kila lita huzaa takriban lita 1 ya gesi ndani ya lita hiyo ya bia, kwa hiyo anayefunga chupa kabla chachu haijamaliza kula huwa ametega bomu kabatini, japokuwa amelibandika lebo nzuri.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Mwaka 1735 mfalme Louis XV wa Ufaransa alitoa amri ya kusawazisha uzito na ujazo wa chupa za mvinyo wa Champagne, na bado katika karne ya 19 wafanyakazi wa maghala ya mvinyo huo waliingia kazini wakiwa wamevaa vinyago vya chuma, kwa sababu chupa moja ikipasuka iliweza kuziamsha jirani zake. Mfalme yule, ambaye hakuwa mtetezi mashuhuri wa wanyonge, alielewa kwamba unene wa kioo ni jambo la kutungiwa sheria. Marekani ilipohalalisha utengenezaji wa bia nyumbani, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, serikali iliweka ukomo wa galoni 200 kwa mwaka kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Kiasi hicho ni mitungi 40 iliyojaa, na juu ya mitungi yenyewe sheria haikusema neno, maana galoni zina kodi lakini nyuzi za kushonea viganja hazina.

Pengo lililoachwa na sheria limejazwa na wauzaji, ambao uwazi wao haufanani na wa bidhaa yao. Huuza mpini wa chuma unaofungwa shingoni mwa mtungi, kitu chenye umbo la mpini, kinachoshikika kama mpini na kinachopendeza kubebewa, kisha kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne huandika kwa herufi za sisimizi kwamba kisitumike kubebea mtungi uliojaa. Basi kiliwekewa mshiko cha nini? Mtu gani duniani hununua mpini ili abebee chombo kitupu? Huo ni mtego uliotiwa bei, na yeyote anayejua kwamba shingo ndiyo sehemu inayokatika kwanza, kisha akauza kitu cha kuishikia shingo hiyo, hawezi kujitetea kwa karatasi. Mkanda mpana wa kubebea kutoka chini, ambao kweli humsaidia mnunuzi, huuzwa kando, kwa wale waliokwisha kupata somo.

Wakongwe wa burudani hii nao wana lao. Kila mgeni anapouliza juu ya usalama, huambiwa kwamba wao wametumia kioo miaka yote bila ajali na kwamba waliokatwa ni wazembe, kauli inayotolewa daima na wenye vidole kamili, kwa kuwa waliokatwa kano wamekwisha kuacha au kuhamia kwenye plastiki kimyakimya. Ndoo kwao ni aibu ya mwanafunzi. Wangefika Uchagani, ambako mbege ya ndizi na ulezi huchachuka katika vyombo vyenye midomo mipana na gesi ikajiendea zake, wangekuta watu wanaotengeneza pombe vizazi kwa vizazi bila kuhitaji vinyago vya chuma wala bandeji.

Mtungi wa kioo, basi, una haki ya sifa zake zote, na mahali panapozistahili ni juu ya rafu, ukiwa mtupu. Bia ichachukie katika ndoo ya plastiki inayofaa kwa chakula au katika chombo cha chuma kisichoshika kutu, na anayeng'ang'ania kioo aujaze mtungi pale pale utakapokaa, ndani ya kreti, asiuinue tena hadi bia imekwisha kutolewa kwa mpira. Wauzaji nao waandike uzito wa mtungi uliojaa, pamoja na katazo la kuubeba kwa shingo, kwa herufi zinazolingana na zile walizoandikia jina la duka.