Kutoka Ngoro hadi Mtumbwini: Siku Moja ya Mikosi Mbinga na Nyasa

Siku nzima ya burudani ya hatari, kama inavyouzwa kwa watalii, huwa na sehemu tatu: kuendesha gari mahali pasipo barabara, kuserereka juu ya miti ukiwa umening'inia kwenye waya, na kuteremka maporomoko ya mto kwa boti ya mpira. Anayetaka mto huenda Jinja nchini Uganda, kwenye Nile, au Sagana nchini Kenya, kwenye Tana. Anayetaka waya huenda msitu wa Kereita huko Kiambu, au Mabira, si mbali na Jinja. Kote huko hulipa kwanza, hutia saini karatasi inayosema kwamba litakalompata ni shauri yake, kisha huvishwa kofia ngumu. Mbinga, nchini Tanzania, mambo hayo yanapatikana kwa jina moja la zamani, kwenda ziwani, na hakuna aliyewahi kutia saini popote.

Chanzo cha yote ni mwinuko. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inayouzunguka inapanda juu zaidi, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Kati ya mji huo na Mbamba Bay kuna kilomita 66 tu. Mtu aliyeondoka Mbinga alfajiri na sweta na koti hufika ziwani akiwa amevikumbatia vyote viwili, au amekumbatia kimoja na kingine kinaendelea na safari garini. Hadi 2012 ukanda wa ziwa nao ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, kabla Wilaya ya Nyasa haijazaliwa na makao yake kuwekwa Mbamba Bay. Mvuvi wa Liuli aliyehitaji muhuri wa wilaya aliupandia mlima. Mkosi wa kawaida wa safari hiyo ulikuwa kugundua, baada ya kufika juu na kupanga foleni, kwamba picha za pasipoti zimebaki nyumbani ndani ya Biblia.

Anayeteremka hupata mkosi wake wa kwanza kabla gari halijawashwa, naye huupatia shambani. Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama masega ya nyuki. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, ikaacha miraba katikati. Udongo wa kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, na hapo huwa kuna tuta pande zote na shimo katikati. Nyasi zikioza huwa mbolea, tuta hubeba maharage kwanza na mahindi msimu unaofuata, na shimo hunasa maji ya mvua yasikimbie na udongo. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, mwanamke huchimba na kufunika. Hesabu ya nani amechoka zaidi jioni haijawahi kuleta ubishi mkubwa, kwa sababu inajulikana. Wamatengo walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, wakabaki na ardhi kidogo tena iliyosimama kama ukuta, kilimo hiki ndicho kilichowalisha.

Mgeni haoni lolote kati ya hayo. Huona mandhari. Hurudi nyuma hatua tatu ili mlima wote uenee kwenye picha, na hatua ya nne hulikosa tuta. Wakati wa mvua shimo la ngoro lina maji ya kufika katikati ya muundi, na chini ya maji kuna tope lisilo na haraka ya kuachia kiatu. Mguu hutoka, kiatu hubaki. Mama mwenye shamba, jembe begani, husema "Pole, baba" kwa upole kabisa, kisha huinama kuhesabu mashina ya maharage yaliyolaliwa. Kitaalamu hakuna kilichoharibika: shimo limefanya kazi liliyochimbiwa, ambayo ni kuzuia vitu visiporomoke mlimani.

Sehemu ya gari ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote kabla ya lami. Siku hizi kati ya Mbinga na Mbamba Bay mtu hupita kwenye kona kali akisinzia, na wazee waliolala njiani mara mbili katika safari hiyohiyo humtazama kwa dharau kidogo. Anayetaka ladha ya zamani sharti aifuate kwenye vijia vya kwenda mashamba ya kahawa, mvua zikiwa zimekolea. Udongo mwekundu wa huko ukiloa huwa na tabia mbili zisizopatana: juu unateleza kama bamia, chini unanata kama ulimbo. Gari linaloaminiwa ni Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo, ambayo watu huiita mkonga. Mkonga hukwama kama magari mengine, ila kwa heshima zaidi.

Gari likishanasa, hutokea vijana watatu wenye majembe na gogo. Hakuna aliyewaita, na walipotokea huonekana migomba tu. Huzunguka gari mara moja, huchungulia uvunguni, husikitika, kisha hutaja bei. Bei hiyo hupanda kadiri gurudumu linavyozama, hivyo mwenye gari anayebishana huku dereva wake akiendelea kukanyaga mafuta anajiongezea gharama kila dakika. Wakishaelewana, udongo huchimbwa mbele ya magurudumu, majani na mawe hupangwa chini, gogo hutiwa nyuma kama kabari gari lisirudi, na wote hushika bodi na kuhesabu kwa pamoja. Mahali pa kusimama wakati wa kusukuma ni ubavuni. Vijana wote watatu husimama ubavuni. Mgeni aliyejitolea kusaidia husimama nyuma kabisa ya gurudumu, mdomo wazi kwa juhudi, na gari linapochomoka hubaki amesimama palepale akiwa na rangi ileile ya barabara kuanzia paji la uso hadi kifungo cha mwisho cha shati.

Kuserereka kwenye waya ni suala la uzito. Waya hufungwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, puli ikapita juu yake, na anayening'inia huvutwa na mwili wake mwenyewe. Mzito hufika kwa kishindo. Mwepesi, hasa upepo ukimpinga, huishiwa mwendo kabla ya kufika, akabaki juu ya miti kama popo hadi mhudumu aende kumvuta kwa kamba. Bodaboda wa mteremko wa ziwani hutumia kanuni hiyo bila waya wala puli. Mteremko unapoanza huzima injini, huweka nyutro na kuiachia pikipiki. Petroli inayookolewa haitoshi kununulia andazi, lakini ni desturi. Kinachomtisha abiria ni ukimya: ghafla husikika upepo masikioni, mnyororo ukinong'ona, na sufuria mpya zilizofungwa nyuma zikigongana kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba. Gia ikiwa nyutro, injini haisaidii tena kupunguza mwendo, kwa hiyo kazi yote huangukia breki, na breki ya ngoma ya gurudumu la nyuma ikishapata moto hunuka kwanza, kisha hugoma. Tabia hii ni mbaya, na trafiki yeyote atasema hivyo. Abiria naye angependa kusema, ila kinywa kimekauka. Jogoo aliyefungwa miguu akaning'inizwa kwenye usukani, kichwa chini, mabawa wazi, ndiye pekee katika msafara huo anayesafiri kwa mtindo wa Kereita.

Ziwani ndiko kwenye maji. Wenye boti za mpira hupima maporomoko kwa madaraja, la 1 likiwa la kuogeshea watoto na la 6 likiwa la kuaga ndugu kwanza. Nile ya Jinja ilisifika kwa daraja la 5, ingawa bwawa la Bujagali la 2012 na lile la Isimba la 2019 yamemeza baadhi ya maporomoko yake. Nyasa haina daraja lililoandikwa. Ni ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na kina chake kinafika takriban mita 700. Upepo wa kusini-mashariki, ambao Malawi huuita mwera, ukivuma katika miezi ya baridi hupata nafasi ndefu ya kusukuma maji kabla haujakutana na mtu. Asubuhi ziwa hulala kama kioo, na asubuhi hiyo ndiyo inayowapa wageni moyo wa kuomba kupanda mtumbwi.

Mtumbwi wa Nyasa ni gogo moja lililochongwa likawa na mdomo mwembamba kuliko tumbo lake. Mpiga kafi hukaa juu ya kingo, miguu akiiteremsha ndani, na huko chini hukaa nyavu, samaki na kopo la kuchotea maji. Mdomo mwembamba huzuia mawimbi yasiingie. Huzuia na wageni pia. Mtu aliyekulia kwenye viti vya ofisi hujaribu kwanza kuingia wima, kisha ubavu, kisha hukubali kukaa juu kama wenzake, mikono miwili ikiwa imeshika kingo na magoti yamesogea hadi kidevuni. "Tulia hapohapo, bosi, usicheze," huambiwa, na kwa kweli hachezi. Kinachocheza ni mtumbwi.

Hutulia hadi mawe ya karibu na Mbamba Bay, ambako mbuna, samaki wadogo wa buluu na manjano wanaosafirishwa hadi Ulaya na Marekani kufugwa kwenye matangi ya vioo, huzunguka miamba kwa makundi. Hapo husahau aliyoambiwa na kuinama kuchungulia. Mtumbwi haupinduki kila mara. Mara nyingi huchota maji kiasi na kumrudisha mahali pake, lakini miwani ya jua huwa imekwenda. Maji ya Nyasa ni maangavu kiasi kwamba miwani huonekana vizuri kabisa mita nne chini, imekaa juu ya jiwe, mbuna wakiikagua. Kijana wa kafi yuko tayari kuizamia, na bei yake, kama ile ya kule kwenye tope, hupimwa kwa kina.

Wakati mwingine, katikati ya mapatano, huonekana moshi mweusi ukisimama juu ya maji kwa mbali, na mgeni hupiga kelele kwamba meli inaungua. Ni kungu: wadudu wadogo wanaokulia ndani ya ziwa na kuibuka kwa mabilioni, wakapaa kama nguzo. Upepo ukiwaleta pwani, watu huwakamata, huwaponda na kuwafanya mkate. Anayefungua kinywa kushangaa atakuwa ameuonja ukiwa mbichi. Kichocho, kilichopo sehemu mbalimbali za ufuko, hakijitokezi siku hiyo. Husubiri wiki kadhaa, mwenyewe akiwa amesharudi mjini na kusimulia kwamba hakuna baya lililompata.

Mkosi mkubwa kuliko yote katika ufuko huu una tarehe yake. Huko Liuli kuna mwamba ambao Wajerumani waliuona unafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Mwaka 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo, chini ya Kapteni Berndt. Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa na Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki na wanywaji wa pamoja. Vita vilipotangazwa Ulaya mwanzoni mwa Agosti, habari zilimfikia Rhoades, Berndt hazikumfikia. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilikuja ikaanza kupiga mzinga, na mpigaji, aliyekuwa amekaa siku nyingi bila mazoezi, alikosa mara kadhaa kabla ya kupata. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia kiboti, akapiga makasia kuelekea meli ya rafiki yake akifoka na kuuliza kama amelewa. Alikaribishwa melini, akaelezwa kwamba nchi zao zina vita, na kwa hiyo yeye ni mateka. Magazeti ya London yaliliandika tukio hilo kama ushindi wa majini. Berndt alikuwa amekwenda kulalamikia kelele tu.

Safari ya kurudi haina mengi, isipokuwa suala la saa. Malawi na Msumbiji ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu iliyo ufukoni ikinasa mnara wa ng'ambo hujirekebisha yenyewe bila kumwuliza mwenyewe. Mgeni aliyeambiwa basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri huamka, huangalia kioo, huona bado saa nzima, hugeukia ubavu wa pili. Akifika stendi hukuta wauza chai wakifunga vyombo. Basi wakati huo liko kwenye kona za mlimani, dereva ameingiza gia ndogo, na kiti cha dirishani kilicholipiwa jana kimekaliwa na ndoo mbili za dagaa aina ya usipa, ambazo nazo zimelipiwa.