Mwongozo wa Rafu kwa Mnunuzi Mgeni

Umeingia supamaketi ya mtaa, Nairobi, mwisho wa mwezi, na mkononi una orodha: chumvi, sabuni ya unga, jik, tishu, betri. Ulidhani utamaliza upesi. Sasa umekwama mbele ya rafu kwa sababu kila kitu kipo mara mbili. Kimoja kina jina ulilolisikia redioni tangu utotoni. Kingine kimebandikwa jina la duka lenyewe, kana kwamba duka nalo lina kiwanda cha chumvi uani. Mwongozo huu umeandikwa usije ukaaibika mbele za watu.

Anza na kimo. Bidhaa yenye jina kubwa mara nyingi hukaa usawa wa macho, na haikufika hapo kwa maombi. Nafasi ile hugombewa. Ya duka huenda ukaikuta chini, karibu na vifundo vya miguu. Kwa hiyo usiiname bila sababu inayoeleweka. Funga kamba ya kiatu, na unapoinuka, inuka na tishu. Ukikutana na jirani kwenye kona ya sabuni, geuza nembo ielekee tumboni mwako, kisha muulize habari za watoto kabla hajakuuliza za kwako. Akishaiona, sema ni ya kuoshea gari. Kama huna gari, sema ni ya kuoshea zulia. Kama huna zulia, wewe na jirani yako mna hali moja, hamna haja ya kufichana.

Pili, jua kitu kitakaa wapi nyumbani. Vya sebuleni na mezani sharti viwe na jina. Vya bafuni na chini ya sinki vinaweza kuwa vya ukoo wowote. Ndiyo maana kopo la Blue Band halifi: majarini huisha, lenyewe likaendelea kukaa kabatini miaka na miaka likiwa na njegere, vifungo vya nguo au chumvi ya bei ya chini. Chupa ya sabuni ya kunawia, ile yenye pampu nzuri, nunua mara moja tu maishani, halafu uijaze sabuni ya maji ya kupimiwa kutoka kwenye jerikeni ya lita 20. Zingatia rangi. Kama ya kwanza ilikuwa ya kijani, usije ukajazia ya waridi. Mgeni wa kawaida hatatambua, lakini wifi yako atatambua akiwa bado mlangoni.

Hapa mzaha usimame kidogo: jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usiihamishie kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa siku moja. Mtoto hasomi harufu, anaona chupa anayoijua na kunywa. Wala usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hewa itakayotoka ni klorini, na klorini haijali uliinunua kwa bei gani. Tena, jik zote za kawaida zina kemikali moja, haipokloriti ya sodiamu, ambayo hupungua nguvu kwa joto, mwanga na umri. Soma asilimia na tarehe. Yenye jina kubwa iliyooteshwa jua dirishani huzidiwa na ya duka iliyotoka kiwandani juzi.

Tunarudi kwenye ujinga wetu. Ukiwa na shaka, usimwulize mjuzi ananunua nini, maana atakuharibia siku. Mwaka 2015 Bart Bronnenberg na wanauchumi wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu wanunuzi wa Marekani. Walikuta mnunuzi wa kawaida akitafuta dawa ya kichwa huchukua yenye jina kubwa asilimia 26 ya nyakati. Wafamasia, asilimia 9 tu. Wapishi nao, kwa chumvi na sukari, walielekea kwenye pakiti ya duka. Fikiria mtu aliyesomea dawa miaka chungu nzima halafu anakosa heshima ya kununua boksi linalong'aa! Lakini yeye hugeuza boksi na kusoma: parasetamoli, miligramu 500. Basi. Ukiiga tabia hiyo ya kugeuza pakiti utapata shida zaidi, kwa sababu kwenye pakiti ya duka mara nyingine utasoma kwamba imefungwa na kampuni fulani kwa niaba ya supamaketi, na kampuni hiyo ndiyo mwenye chumvi ile ghali iliyokaa usawa wa macho yako. Usisome.

Sasa sabuni ya unga. Hapa sitanii sana, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea kwa pande zote mbili. Mnunuzi mgeni hupima sabuni kwa povu. Povu ni tamasha tu. Haling'oi uchafu, na linahitaji maji mengi ya kusuuza. Katika mtaa wenye mgao, ambako maji hununuliwa kwa mtungi, sabuni rahisi yenye povu la kufika kwenye viwiko inaweza kukugharimu kuliko ile uliyoikimbia. Ndani ya pakiti kuna dawa inayong'oa uchafu, kuna magadi, na mara nyingi kuna salfeti ya sodiamu, ambayo kazi yake kubwa ni kujaza pakiti. Yenye bei mara nyingi huongezewa vimeng'enya vya kula jasho, damu na mchuzi, lakini navyo vinataka muda wa kuloweka. Ukifua mbiombio umelipia wafanyakazi ukawafukuza kabla hawajaanza kazi.

Mtaalamu wa haya yote hayuko kwenye tangazo. Ni mama fua. Mwangalie anapopewa sabuni ngeni: haisomi pakiti. Anatia kidogo kiganjani, anadondosha maji, anasugua kwa kidole gumba, anasubiri. Kikipata joto na utelezi wa haraka, anajua magadi ni mengi, na jioni vidole vitakuwa vimekauka na kupasuka kwenye viungo. Kisha atakuambia kwa adabu, "Hii ni sawa kwa mapazia." Ukisikia hivyo, umeambiwa. Magadi si sumu, yanachimbwa hapo Ziwa Magadi, Kajiado, na sabuni nyingi zinayahitaji. Ila anayechagua sabuni kwa kawaida si yeye anayeingiza mikono kwenye beseni. Mnunulie anayoitaka yeye, hata kama ina jina, na uache kujidai kwamba umeokoa shilingi 40.

Kuna waliowahi kuapa kwamba jina la duka ndilo la kuaminika, kwa kuwa duka haliwezi kukimbia. Hao waliwahi kununua Blue Label ya Nakumatt. Supamaketi ile, iliyochukua jina lake kutoka duka la magodoro la Nakuru, ndiyo iliyoonekana kuwa kubwa kuliko zote. Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifilisiwe. Lakini usikimbilie kwenye jina kubwa ukidhani ndilo lenye mizizi. Kiwanda cha betri cha Eveready pale Nakuru kilifungwa 2014, betri zikawa zinaagizwa kutoka nje, jina likabaki palepale. Kwa saa ya ukutani au rimoti, betri ya bei ya chini inatosha. Kwa tochi kali, tafuta neno alkali kwenye ganda, iwe ya nani.

Namba za msimbo pau? Wanaokuambia 616 maana yake imetengenezwa Kenya na 620 Tanzania wamekudanganya kwa nia njema. Zinaonyesha namba ilisajiliwa wapi. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina maana zaidi kuliko hizo.

Tishu ina kanuni fupi: usitazame unene wa roli, tazama idadi ya karatasi, kisha chungulia ukubwa wa tundu la katikati.

Ukifika kwa keshia, panga vitu kwa hekima. Vyenye jina vitangulie, vya duka vifuate chini ya mkate, kwa kuwa foleni nzima nyuma yako inasoma. Hata hivyo ujue kwamba msimbo utakaokataa kusomwa na mashine ni wa ile ya duka. Keshia ataiinua juu kabisa, ataigeuza huku na huku, atamwita mwenzake aliye mwisho wa ukumbi: "Hii ya bei rahisi ni ngapi?" Wakati huo toa simu, ikodolee macho, jifanye unangoja ujumbe wa M-Pesa. Utaingia tu, haraka ya nini.